Kulala Mzungu wa Nne

Mende hana.

Namaanisha yule wa jikoni, anayetoka nyuma ya jiko ukizima taa, na ukiiwasha anakimbia kama mtu aliyemwona mwenye nyumba tarehe 6. Yeye, na inzi, na siafu, na kila mbu aliyewahi kukunyima usingizi, hawana uzi fulani ambao konokono anao, minyoo ya tumbo inao, na wewe unao kwa wingi hadi mwingine umekuota kichwani ukauita nywele.

Kuwa mkweli kwa mende: anao ndani ya kiini cha seli, mahali ambapo karibu kila mnyama anao. Ni huku nje ya kiini, kwenye mwili wa seli wenyewe, ndiko hana. Nitamrudia. Kwanza huo uzi.

Seli ya mnyama si puto la maji. Ndani yake kuna kiunzi cha nyuzi za protini, aina 3. Kuna aktini, nyembamba, unene wa nanomita 7 hivi. Kuna vijineli, ambavyo vina uwazi katikati kama mrija, nanomita 25. Halafu kuna nyuzi za nanomita 10, ambazo watafiti wa seli za misuli mwaka 1968 walizipa jina la nyuzi za kati, kwa sababu ni nene kuliko aktini na nyembamba kuliko nyuzi za miosini zilizokuwa hapo kando. Yaani zilipewa jina kwa kuangalia majirani. Ni kama yule mtoto ambaye mtaani hajulikani jina, anajulikana tu kama mdogo wake fulani.

Hizo aina nyingine mbili ndizo zenye sifa. Aktini inatembeza seli, na ikishirikiana na miosini inakunja msuli. Vijineli vinatenganisha kromosomu seli ikigawanyika, na ndizo reli za kusafirishia mizigo. Nyuzi za kati hazimpeleki mtu mahali. Kazi yake kubwa ni kuvutwa na kutokatika. Kijineli ukikivuta kidogo kinavunjika. Uzi wa kati unaweza kuvutwa ukarefuka zaidi ya mara 2 ya urefu wake kabla haujakatika.

Nilikutana nazo kupitia oda.

Mimi ni mwandishi. Tangu niache chuo mwaka wa 3, kozi ya biokemia, nimekuwa nikilipa kodi kwa kuandika: maelezo ya viatu, makala ya madaktari wa meno wa miji ambayo sitawahi kuiona, na insha za wanafunzi wa ng'ambo. Hiyo ya mwisho, kama unaishi Nairobi, huhitaji kuelezewa. Kila ploti ina mtu kama mimi. Taa yake inawaka saa nane usiku kwa sababu huko Marekani bado ni jioni na mteja anataka kazi kabla hajalala. Oda inaingia ikiwa na kichwa, idadi ya kurasa na saa za kukabidhi. Jina la mwanafunzi hulioni. Lako halitaonekana popote.

Hii ilisema: muundo na ujenzi wa nyuzi za kati katika wanyama wasio na uti wa mgongo. Kurasa 9, saa 48, shilingi 350 kwa ukurasa. Chini kulikuwa na agizo moja la ziada: usiingie katika mageuko. Oda za biashara na uuguzi hunyakuliwa kama mandazi ya asubuhi. Hii ilikaa masaa, hakuna mtu aliyeigusa. Nilikuwa nimesota, hilo sikatai, lakini si hilo tu lililonifanya niichukue. Ilikuwa kama kuona kwenye matatu mtu mliyesoma darasa moja, ukajikuta unamwita kabla hujafikiria utamwambia nini.

Anza na mnyororo mmoja. Protini ya uzi wa kati ina sehemu 3: kichwa, kiwiliwili kirefu, na mkia. Kichwa na mkia vimelegea. Kiwiliwili kimejikunja kama springi, na asidi amino zake zimejipanga kwa mafungu ya saba saba. Katika kila fungu, ya 1 na ya 4 kwa kawaida ni zile zinazochukia maji. Sasa fikiria springi yenye mstari unaochukia maji ubavuni, na iko ndani ya seli ambayo ni maji matupu. Itafanya nini? Itatafuta springi mwenzake mwenye shida hiyohiyo, waegemeane ubavu kwa ubavu, wafiche huo mstari katikati yao. Wakishaegemeana wanajizungushia. Minyororo 2, vichwa upande mmoja, mikia upande mmoja.

Dadangu ni msusi, ana kiti chake kwenye saluni moja ya mabati Githurai. Jumapili moja nilimweleza hivyo akiwa anamsuka mteja.

"Si hiyo ni twisti?" akasema.

Ni twisti.

"Na mnasomea hiyo miaka minne?"

Mteja alicheka hadi akaambiwa atulize kichwa. Nikamwambia dadangu kwamba zile nywele alizoshika, kama ni za mteja mwenyewe na si za pakiti, ni keratini, na keratini ni moja ya nyuzi za kati. Kwa hivyo anasuka kitu ambacho kilishasukwa. Akaniangalia kwa kioo, akasema nimpe kitana.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nisimame nitembee ndani ya nyumba, ambayo kwa keja yangu ni hatua 4 kwenda na 4 kurudi.

Kama uliwahi kupelekwa kwa nyanya likizo ya Desemba, unajua kulala mzungu wa nne. Watoto ni wengi, kitanda ni kimoja. Wawili wanalala vichwa huku, wawili wanalala vichwa kule, na miguu ya mwenzako iko karibu na pua yako hadi asubuhi. Mnalalamika, lakini mnatosha. Mkilala wote upande mmoja mabega yanagongana na mmoja ataanguka. Mkigeuzana, mabega ya hawa yanakaa penye miguu ya wale.

Hizo protini zinafanya vilevile. Twisti moja inakutana na twisti nyingine, na zinalala mzungu wa nne: moja inaangalia huku, nyingine inaangalia kule. Tena hazilali sawasawa. Zimesogezana karibu nusu ya urefu, kwa hivyo kila upande kuna kipande kinachobaki nje, tayari kushikwa na kundi litakalofuata. Minyororo 4. Hilo ndilo tofali la ujenzi wote.

Na kwa sababu limelala hivyo, halina kichwa wala mkia. Ukiligeuza, ni lilelile. Aktini ina upande wa mbele na wa nyuma, kijineli pia, na ndiyo maana mota za molekuli zinaweza kutembea juu yake na kujua zinakoenda. Uzi wa kati hauna mbele. Hakuna mota inayojulikana ambayo hutembea juu yake. Hauhitaji hata mafuta: aktini hujengwa ikiwa imeshika molekuli ya nishati, tubulini ya vijineli vilevile, lakini nyuzi za kati hazishiki chochote. Watafiti huziyeyusha kwa urea, wakaiondoa polepole, wakarudisha chumvi, na zinajisuka tena zenyewe ndani ya tyubu.

Kutoka hapo njia zinagawanyika, na hapa ndipo wanyama wasio na uti wa mgongo wanaingia. Kwa sisi wenye uti wa mgongo, yale makundi ya 4 hulala kando kwa kando, kwa kawaida 8 pamoja, minyororo 32, yakawa kipande kifupi cha kamba chenye urefu wa nanomita 60 hivi. Kisha vipande vinaungana ncha kwa ncha. Lakini kuna ndugu yao anayeishi ndani ya kiini, anaitwa lamini. Huyu hutandaza wavu chini ya utando wa kiini na kukipa kiini umbo. Lamini huanza kinyume: twisti zake hupanga foleni kwanza, kichwa cha huyu kwa mkia wa yule, na baadaye ndiyo foleni zinalala ubavu kwa ubavu.

Na konokono je? Na minyoo? Mwaka 1998 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, na wa Basel, Uswisi, waliweka chini ya darubini ya elektroni nyuzi za konokono mkubwa wa Ulaya, Helix pomatia, kutoka kwa umio lake, na nyuzi za misuli ya mnyoo Ascaris. Walichokikuta ni kwamba ujenzi wao una sifa za pande zote mbili, za nyuzi zetu za nje ya kiini na za lamini. Wako katikati. Nyuzi za kati za watu wa katikati.

Sababu ilikuwa imeshaanza kuonekana miaka 10 kabla, maabara ileile ya Klaus Weber huko Göttingen. Mwaka 1988 na 1989 walisoma mfuatano wa asidi amino wa protini hizo za konokono na za Ascaris. Wakakuta kwamba kiwiliwili chao kina asidi amino 42 zaidi ya zetu, mafungu 6 kamili ya saba saba, mahali palepale ambapo lamini nayo ina hizo 42. Hizo zinaongeza kama nanomita 6 za urefu. Mkia nao ulifanana na wa lamini, wakati mikia yetu imeenda kila mtu na njia yake. Kwa ufupi, uzi wa mnyoo unafanana na lamini kuliko unavyofanana na uzi wetu. Sisi ndio tuliopunguza.

Ascaris unamjua, hata kama hamjatambulishwa. Ni ule mnyoo mrefu wa mviringo, jike lake linaweza kufika sentimita 30 na kutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Nilikuwa darasa la 6 mwaka 2012 mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo mashuleni ulipoanza, tukapanga foleni kila mtu na kikombe chake, tembe moja ya albendazole, unatafuna mbele ya mwalimu na kufungua mdomo aone. Nilikuja kujua baadaye kwamba ile tembe hushambulia tubulini ya mnyoo, ile protini ya vijineli. Vijineli vinashindwa kujengwa, mnyoo unashindwa kufyonza sukari, unakufa njaa katikati ya chakula. Nyuzi zake za kati hazikuguswa. Kati ya aina 3 za kiunzi, dawa ilichagua moja, na si hii.

Nilipofika hapo nilikuwa na kurasa 6 na saa 20. Mteja alisema nisiingie katika mageuko. Niliingia, kwa wakati wangu, kwa bando langu.

Katika ile kazi ya 1989 kuna jambo dogo ambalo ukisoma kwa haraka utalipita. Ukilaza mkia wa uzi wa mnyoo kando ya mkia wa lamini, vinafanana hadi unapofika mahali fulani, ambapo uzi wa mnyoo una pengo. Asidi amino 15 hazipo. Na pengo hilo liko palepale ambapo lamini hubeba alama yake ya kuingilia kiini.

Protini zote hutengenezwa nje ya kiini. Ile inayotakiwa ndani lazima ionyeshe alama kwenye lango, la sivyo hairuhusiwi. Lamini inayo. Uzi wa mnyoo na wa konokono hauna, na pia umepoteza alama nyingine ya mwisho wa mkia, ile inayoiwezesha lamini kushikamana na utando. Hadithi inayokubalika leo ni hii: mwanzoni kulikuwa na lamini tu. Moja ikapoteza kadi yake ya mlangoni, ikabaki nje, ikaanza kujisuka huko. Nyuzi zote za kati tulizonazo nje ya kiini, hadi keratini ya nywele, zinatoka kwa huyo aliyefungiwa nje.

Naona unachofikiria. Mimi pia nilikifikiria.

Muhula wa 2, mwaka wa 3. Pale chuoni, mtihani haufanywi bila kadi, na kadi haitolewi bila karo kukamilika. Nilikuwa na deni la 61,500. Nilienda hivyohivyo, na kitambulisho na kalamu 2, nikasimama mlangoni. Msimamizi hakuwa mkali. "Bila kadi siwezi, binti yangu," akasema, na akaangalia chini. Karatasi ilikuwa ya baiolojia ya molekuli. Nilisikia viti vikivutwa, kisha kimya. Zilikuwa karatasi 6 muhula huo, na mlango ulikuwa uleule. Muhula uliofuata ulikuja na deni lake juu ya lile. Watu huuliza uliacha lini, kama vile kuna siku. Mimi sina siku ya kuwaonyesha.

Ingekuwa rahisi sana kumalizia hapa. Alipoteza kadi, akatoka nje, akawa wa maana. Kuna watu wanalipwa kusema hivyo kwa maikrofoni, halafu wanataja Bill Gates na Harvard. Nilitaka kuiandika hivyo. Kulikuwa na tatizo moja tu la kibaiolojia.

Lamini haikutoka. Lamini iko ndani hadi leo.

Kama seli ya kwanza ingekuwa na jeni moja tu ya lamini na jeni hiyo ikapoteza kadi, kiini kingebaki bila kiunzi, na hadithi ingeishia hapo. Hilo linaweza kujaribiwa. Kuna kinyoo kidogo cha udongoni kinachoitwa Caenorhabditis elegans, urefu wa milimita 1, kinachopendwa sana maabara. Kina jeni 1 tu ya lamini. Ukiizima, viinitete vinakufa. Hakuna wa kushika nafasi yake.

Kilichotokea zamani ni kwamba jeni ilijinakili kwanza. Zikawa mbili. Moja ikabaki na kadi, ikaendelea na kazi ileile ya kushikilia kiini, kila siku, bila kubadilika sana. Ni kwa sababu hiyo moja ilibaki ndiyo nyingine iliweza kupoteza kadi bila kuua mtu. Ile iliyotoka ndiyo tunayoisifu kwa keratini na mengine yote. Ile iliyobaki ndiyo iliyolipa.

Nilikaa na hilo hadi tokeni za stima zikaanza kulia.

Nilipoacha chuo, au chuo kiliponiacha, sikulala nje hata siku moja. Miezi 8 ya kwanza, wakati natafuta oda na kuandika maneno 500 kwa shilingi 100, kodi ililipwa na mtu. Kompyuta yangu ya mtumba ilinunuliwa na mtu, kwa pesa za chama chake. Mtu huyo alimaliza kidato cha 4 miaka 5 kabla yangu, akapata alama za kutosha kusoma, na nyumbani kukaamuliwa, bila mkutano, kwamba aliye darasani asitolewe, huyu mkubwa akatafute. Akaenda kushika kitana. Kila mtu akiniona kwenye simu nikiandika, husema nimejitengenezea njia yangu mwenyewe. Hakuna anayemwambia dadangu kitu kama hicho. Yeye alibaki tu.

Sasa nikirudi kwa kinyoo cha milimita 1, nasoma tofauti. Kina jeni 11 za nyuzi za kati zilizo nje ya kiini. Mwaka 2001 maabara ya Göttingen ilionyesha kwamba 4 kati yake hakiwezi kuishi bila: A1, A2, A3 na B1. Na hizo A hazijengi uzi peke yake. Kila moja inahitaji B1. Bila B1 hakuna uzi wa A, hata A ziwe nyingi vipi. Zinafanya kazi gani? Misuli ya mnyoo haijaegemea mfupa, kwa kuwa mfupa haupo. Msuli unavuta gamba la nje, na kati ya msuli na gamba kuna ngozi nyembamba sana ya seli. Nyuzi za kati zimejengwa ndani ya ngozi hiyo, zikipitisha nguvu kutoka upande huu hadi ule. Zikikosekana, msuli una nguvu zake zote na unakunja vizuri, lakini unabanduka. Mnyoo unajivunja kwa kujaribu kutembea.

Ukimwangalia mnyoo akitembea utasifu msuli. Ni haki yake. Lakini msuli haujashikilia gamba.

Na mende? Nilisema nitamrudia. Inaonekana babu wa ukoo wake mzima, wadudu, kaa, buibui na jamaa zao, alikuwa na nyuzi za kati nje ya kiini akazipoteza kabisa. Wengi wao wanaishi vizuri tu. Mende ana gamba gumu nje, na mashaka mengi ya kuvutwa na kunyooshwa yanaishia kwa gamba. Kwa hivyo hakuna sheria kwamba lazima uwe nazo.

Lakini mwaka 2016 watafiti walitoa jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu usiku. Katika ukoo huohuo uliopoteza, lamini imetoka tena. Si mara moja. Angalau mara 3, kila moja kivyake: kwa kolembola, wale wadudu wadogo wanaoruka kwenye majani yaliyooza, kwa kopepodi, wa majini, na kwa tadigredi, yule mnyama wa miguu 8 asiyefika milimita 1, anayejulikana kwa kukauka kabisa na kufufuka akipata maji. Tadigredi mmoja aliyechunguzwa ana jeni 3 za ukoo huu. Moja, iliyopewa jina la sitotadini, imetokana na lamini lakini inaishi nje ya kiini pekee. Inazunguka kila seli ya ngozi kama mshipi.

Hata hapo niliangalia kwanza zile nyingine mbili. Jeni 3, iliyotoka ni 1. Nyumba ilikuwa na watu.

Oda niliituma ikiwa imebaki dakika 40. Mteja alitoa nyota 5 na neno moja, sawa. Ilikuwa na kichwa, kiwiliwili na mkia, minyororo 2, mzungu wa nne kwa lugha ya kistaarabu, konokono, Ascaris, nanomita zote. Haikuwa na pengo la asidi amino 15, kwa sababu hakuliomba. Mahali fulani kuna mtu atapata alama kwa hizo kurasa 9, na siku moja atavaa joho. Sina shida naye. Pengo ni langu.

Mathe hupiga simu kila Jumapili jioni. Baada ya salamu, mvua, na nani amezikwa, huuliza, "Na shule, mwanangu? Utarudi lini?" Miaka 2 nimemjibu, "Muhula ujao, Mama." Mwezi wa Oktoba nilikuwa nimeweka akiba 70,000. Ilitosha kumaliza lile deni la kwanza, si la pili. Ilitosha pia karo ya mwaka mmoja ya kozi ya urembo na ususi kwenye chuo cha ufundi, ile yenye cheti cha serikali, ambacho ukiwa nacho unaweza kuajiriwa hotelini au kufungua saluni yako na kuchukua wanafunzi. Dadangu alikuwa na fomu ya hicho chuo ndani ya Biblia yake tangu 2021. Niliiona nikitafuta kitu kingine.

Hakukubali haraka. Alisema, "We ndiye mwenye akili ya vitabu." Alisema yeye kazi anaijua, cheti cha nini. Alisema kodi je. Nikamwambia kodi ninayo. Akasema stima je. Nikamwambia stima ninayo. Akanyamaza, akaendelea kukunja taulo, na baada ya muda akauliza kama wanahitaji picha za pasipoti 2 au 4.

Jumapili iliyofuata mathe aliuliza swali lake. Nikamwambia, "Anayeanza Januari ni dada."

Alikaa kimya hadi nikaangalia kama simu imekatika.

"Na wewe?"

"Mimi nashika nyumba kwanza, Mama."

Chuo kilituma orodha ya vifaa: aproni nyeusi, vitana vya aina 4, klipu, na kichwa bandia cha kufanyia mazoezi. Kichwa tulikinunua Kamukunji, kiko juu ya meza nikiandika hii, kinaniangalia. Usiku dadangu hukisuka, anafumua, anasuka tena. Nimemwambia nywele zake ni plastiki, haina uzi wa kati hata mmoja. Ameniambia niwache maneno nimshikie ncha.